Ekseli Chini ya Dirisha la Mzee Ngumbao

Grenda ilianza kulia kabla uji wa Mzee Ngumbao haujapoa. Ililia chini ya dirisha lake, karibu kabisa na kichwa chake, ikitafuna chuma chenye kutu na kurusha cheche ukutani. Harufu ya rangi iliyoungua ikaingia chumbani, ikajilaza juu ya harufu zilizokuwamo, na zilizokuwamo zilikuwa zinatosha. Dhahabu alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, anafungua mfuko wa mkojo wa babake na kuumwaga ndooni taratibu, huku akipumua kwa mdomo kama alivyojizoeza.

"Wanakata nini huko?" mzee akauliza.

"Gari lako, baba. Kaka Lenox ameleta fundi."

"Wanalikata?"

"Wanalitengeneza. Ati wanalitia ekseli mpya mbele."

Mzee akageuza uso kuelekea dirishani. Gari lile lilikuwa Chevrolet ya zamani za wakoloni, refu, lenye mlango wa nyuma na sakafu pana ya mizigo. Alikuwa dereva wa tajiri mmoja wa pamba, na yule tajiri alipohamia Kanada alimwachia gari badala ya kiinua mgongo, akamshika mkono, akaenda zake. Tangu siku hiyo lilikuwa hapo uani, mtaani Bofu, Likoni, hewa ya chumvi ikila bati lake, magurudumu ya mbele yamelala kila moja upande wake. Si Lenox wala mtu mwingine aliyewahi kuligusa, ila kuku.

"Haya," mzee akasema. "Nipe uji wangu."

*

Uani Lenox alikuwa amesimama kwa viatu vyake vyeupe, akichagua pa kukanyaga. Alikuwa mtu wa ofisi, wa kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini, na siku hizi alikuwa na jambo jingine kichwani: alitaka kiti cha wadi. Kila aliyepita barabarani alimpungia mkono, hata watoto wa shule ambao kura hawana. Kando yake mkewe Gladys alikuwa na kitambaa puani.

Dhahabu akatoka na ndoo.

"Wifi, jamani," Gladys akasema, "si ungesubiri kwanza tuondoke?"

"Mkojo haungojei wageni waondoke, wifi."

Akaenda, akamwaga, akasuuza ndoo, akarudi huku akijifuta mikono kwenye leso. Alikuwa amelipanga neno lake tangu alfajiri, akilisema na kulirudia kama mtoto anayetumwa dukani.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba. Mzee vipi?"

"Si uingie umwone?"

"Nitaingia, nitaingia. Niko na fundi kwanza."

"Kaka, daktari amesema ni tezi tu imevimba. Si saratani, wamepima. Upasuaji wake ni wa kila siku pale hospitali. Bima ikilipiwa wanamlaza, wanamtengeneza, mpira wa mkojo unatoka, anarudi anatembea. Ni bima tu iliyobaki."

Lenox akashusha pumzi, pumzi ya mtu anayesumbuliwa na masikini mlangoni.

"Dada, hayo tuliyazungumza."

"Mliyazungumza wewe na wifi."

"Baba amekula chumvi nyingi, Dhahabu. Unataka wakamkatekate mzee wa watu afie mezani? Mwache apumzike. Na pesa kwa sasa sina, wallahi. Zimekwama melini."

Sasa huyu naye, mtoto wa kanisani, mzee wa kanisa mtarajiwa, wallahi ameitoa wapi? Ameiokota kwa majirani zake Waislamu, kwa sababu wa kwao hawamwamini tena akiapa kwa Yesu. Na hata hajaifunga midomo yake, mkokoteni ukaingia getini ukilia magurudumu, umebeba chuma kinene kilichonyooka, kirefu kama upana wa gari, cheusi kwa grisi, na springi mbili za mapande ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine. Fundi Jacktone, kijana wa bara aliyekuwa na karakana yake Changamwe, akakipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto.

"Boss, hii ndiyo yenyewe! Imetoka kwa pikapu ya kazi, haijapinda hata kidogo. Ile kitu iko kwa gari sasa imeoza, na spea zake hata Amerika hazipatikani. Tunakata yote, tunaweka hii. Chuma moja, gurudumu mpaka gurudumu, kama ya lori. Mashimo ya huko kwenu mashambani, reserve, hayatakuwa kitu."

"Na pua?"

"Pua itaenda juu. Utapenda. Lakini hawa jamaa wanataka pesa yao."

Lenox akaingiza mkono mfukoni, akatoa noti zilizofungwa kwa mpira, akamhesabia mwenye mkokoteni palepale mbele ya macho ya dadake. Hakugeuka hata kando. Zilikuwa zinatosha bima ya mzee na ya watu wengine watatu.

Kinyaa kikampanda Dhahabu. Mkojo wa babake haukuwahi kumtia kinyaa namna ile. Akamwangalia kakake viatu, akamwangalia uso.

"Ni gari la baba," Lenox akasema, kama aliyesikia. "Urithi. Wewe ulitaka tuliuze kwa watu wa vyuma vikuukuu. Mimi nampa heshima yake."

Wakaondoka bila kuingia kumwona mzee. Gladys ndiye aliyekumbuka, akasimama getini akasema, "Tusalimie baba."

*

Kazi ile ilichukua siku nyingi, na haki ya mtu apewe: Jacktone alikuwa fundi. Alikata vyuma vyote vilivyooza mbele, fremu ikabaki tupu. Akaikwangua kutu, akachomelea vibao palipoliwa, akaning'iniza springi. Kabla ya kukaza ekseli alifunga uzi kutoka gurudumu la nyuma la kulia mpaka ncha ya kushoto ya ekseli, kisha upande wa pili, akilinganisha, akigonga kidogo, akilinganisha tena. Alisema ekseli ikikaa mshazari gari litatembea kama kaa. Dhahabu alimtazama akiwa getini, anapokaanga viazi karai vyake vya kuuza. Alimpenda kwa kazi yake na kumchukia kwa kelele zake.

Siku moja Jacktone akamwita.

"Siste, hebu nishikie hii tepu dakika moja."

Dhahabu akafuta mikono, akaja. Fundi alikuwa ndani ya gari, nyuma, amepiga magoti pale sakafuni, na kando yake palikuwa na vyuma viwili vyembamba vilivyopakwa rangi ya fedha.

"Vuta mpaka kwa mlango. Hapo hapo. Sita na nusu. Poa."

"Unapima nini huku nyuma? Si kazi yako iko mbele?"

"Napima hizi reli. Za kutelezea sanduku."

"Sanduku gani?"

Jacktone akacheka kidogo, akidhani anataniwa.

"Si la mzee."

Tepu ikamponyoka Dhahabu, ikajivuta na kumchapa fundi kidoleni.  Jacktone alimtazama, akaona uso, akaelewa, na kicheko kikamganda.

"Siste, mimi nilijua unajua. Boss alisema mmekubaliana familia yote. Alisema daktari amewaambia mzee hafiki Krismasi. Ndiyo maana ananikimbiza, anataka gari liwe tayari. Atambeba mzee nalo kutoka hapa mpaka reserve, pua juu, na misafara ya watu nyuma. Alisema hakuna mtu wa wadi hii amewahi kuzikwa hivyo."

"Daktari gani aliyesema hivyo?"

"Mimi nimeambiwa tu."

"Daktari gani, Jacktone?"

Kwa watu wa pwani, hata seremala hapimi ubao mrefu mbele ya nyumba yenye mgonjwa. Ukitoka dukani na kitambaa cheupe unazunguka njia ya nyuma, usipite dirishani kwake. Neno la mazishi halitajwi, hata kwa utani, mradi mtu bado anavuta pumzi. Uchuro huo! Na hapa mtoto wa kumzaa alikuwa amemtengenezea babake gari la maiti chini ya dirisha lake, babake akiwa ndani anakunywa uji na kusikiliza.

"Anamchuria baba," Dhahabu akasema. "Lenox anamchuria baba!"

Mwanatatu, jirani wa ukuta mmoja, alikuwa anaanika nguo. Akachungulia juu ya ua wa makuti, kibanio bado mdomoni, akakitoa.

"Auzubillahi! Mnasemaje? Jeneza la mtu aliye hai? Kafara gani hizi?"

 Dhahabu aliokota spana iliyokuwa karibu, akaitupa nje ya geti. Akaokota nyundo, nayo akaitupa. Jacktone alirudi nyuma mikono juu, na pengine aliona anastahili. Dhahabu alikuwa anaivuta mashine ya kuchomelea kwa waya wake, analia na kutukana, sauti ilipotoka dirishani.

"Mama!"

Mzee alimwita hivyo kwa kuwa jina la Dhahabu lilikuwa la mama yake mzee mwenyewe, na alipomwita hivyo hakuna aliyekaidi.

"Abee."

"Njoo."

*

"Nimesikia," mzee akasema.

Dhahabu akakaa chini pembeni ya kitanda, uso kwenye leso. Aliona haya kama kwamba ni yeye aliyepima.

"Reli ni futi ngapi?"

"Baba, tafadhali usiseme maneno hayo."

"Nimekuuliza."

"Sita na nusu."

Mzee akafikiri.

"Wamenitosheleza. Nina nafasi hata ya kujigeuza."

Akacheka. Kicheko kilianza kidogo, kikamtikisa mpaka mfuko ukacheza kwenye ndoano yake, akashika tumbo kwa maumivu, bado anacheka. Dhahabu alimtazama kwa hofu. Alidhani sasa ndiyo akili zimemtoka.

"Mwache fundi amalize," mzee akasema alipopata pumzi.

"Nimwache? Baba, wanakutengenezea—"

"Najua wananitengenezea nini. Mwache amalize. Mrudishie na vyuma vyake, usimtese mtoto wa wenyewe. Ekseli imeshakazwa?"

"Bado."

"Ikikazwa niambie."

Dhahabu akatoka, akaenda nje ya geti, akaokota spana na nyundo mavumbini, akampa Jacktone bila kumtazama. Tangu siku hiyo kila alipoingia na uji mzee aliuliza jambo lilelile. Springi zimefungwa? Usukani umeunganishwa? Injini inawaka? Dhahabu alimjibu kwa mkato, akijua moyoni kwamba babake ameshakata tamaa na anaharakisha safari. Kila alipoulizwa aliona heri azibe masikio. Kwa mara ya kwanza alimwonea babake uchungu uliochanganyika na hasira, kwamba mtu anaweza kukubali kuzikwa na mwanawe kwa ajili ya kura.

Hakuacha, hata hivyo. Kila shilingi ya viazi iliyozidi unga na mafuta aliitia kwenye kopo la maziwa, ya bima. Alijua kwa mwendo ule itafika mwaka ujao. Aliendelea kuitia.

*

Jumamosi gari likashushwa kutoka kwenye mawe. Lilisimama kwa miguu yake minne, mbele juu nyuma chini, pua imenyanyuka kama ya mtu aliyesikia uvundo. Limepakwa rangi nyeusi iliyong'aa mpaka unajiona. Injini ya pikapu ya Kijapani ilikuwa imetiwa na Jacktone wiki ile, nayo ikawaka.

"Leo naendesha mimi," Lenox akasema.

"Boss, niruhusu nilipime kwanza. Nilihamisha boksi la usukani upande ule mwingine wa fremu, sijajua—"

"Gari la babangu, nipimiwe na wewe?"

Akaingia, akatia gia. Alitaka kutoka getini na kukata kulia kuelekea barabara. Akazungusha usukani kulia. Gari likaenda kushoto. Akazungusha kulia zaidi, kwa nguvu, kama mtu anayembishia ng'ombe, na gari likazidi kushoto, likaikanyaga meza ya Dhahabu, jiko, karai na beseni la viazi vilivyochovywa kwenye unga wa manjano, likasimama kwenye nguzo ya geti. Dhahabu alikuwa ameruka. Mafuta yalimrukia mguuni, si sana. Viazi vilitapakaa mchangani na kuku wakawahi.

Jacktone alijipiga paji la uso.

"Boksi! Nimelifunga kinyumenyume! Usukani unasukuma pale unapofaa kuvuta!"

Lenox alishuka mbio. Alipita kando ya dadake aliyeshika mguu, akainama mbele ya gari, akalamba kidole, akasugua bamba.

"Limekwaruzika," akasema. "Mungu wangu. Limekwaruzika hapa."

"Kaka, karai langu."

"Unaona hapa? Hii ni rangi ya kupuliza, Dhahabu, si ya brashi."

"Kaka, karai langu limepasuka. Jiko limepondeka."

"Ni karai tu! Nitakununulia jingine mwezi ujao." Akamgeukia Jacktone. "Na wewe, kufika kesho mchana liwe sawa. Wageni wanakuja, na mchungaji."

Dhahabu aliokota karai. Lilikuwa limegawanyika kutoka mkono mpaka mkono. Alilishika akasimama nalo, akimtazama mwanamume yule mnene mwenye viatu vyeupe akibembeleza bati kwa kiganja, na akakumbuka kwamba walilala kitanda kimoja utotoni, wakala sahani moja.  Alitema mate, akasikia haya kwamba ametema mate ndani ya ua wa babake.

Alipoingia na uji wa jioni mzee aliuliza.

"Linatembea," Dhahabu akasema. "Linatembea, baba. Limekanyaga biashara yangu yote. Furahi."

 Mzee alimshika mkono akaubana, kisha akasema kesho asubuhi amwogeshe vizuri na amnyolee ndevu.

*

Jumapili baada ya ibada ua ulijaa. Viti vya kukodi, kreti za soda, kwaya ya akina mama, vijana waliovaa fulana zenye uso wa Lenox, kila mmoja na simu mkononi. Mchungaji aliletwa kulibariki gari. Jacktone alikuwa amekesha, na safari hii liliendeshwa na yeye mbele ya wote, kulia likaenda kulia, kushoto likaenda kushoto, watu wakapiga makofi.

Hakuna aliyeuliza gari la nini. Wote walijua. Walikunywa soda wakijua, wakachungulia nyuma, wakaona reli za rangi ya fedha, wakatikisa vichwa kwa kusifu.

"Ndugu zangu," Lenox akasema, "hili gari ni heshima ya baba yetu. Siku yoyote Mungu atakapopenda, sisi hatutaaibika."

"Amina," wakaitika.

Ndani, mzee alikuwa amevaa shati lake la udereva, la kaki, lenye vifungo vya shaba. Lilimning'inia. Dhahabu alikuwa anamfunga mfuko wa mkojo kwenye paja, ndani ya suruali, kama wanavyofanya akitoka.

"Nje," mzee akasema.

"Nini?"

"Ufunge nje ya suruali. Uonekane."

"Baba, watu wote wale?"

"Kwa sababu ya watu wote wale."

Dhahabu akanyanyua uso akamtazama. Macho ya mzee yalikuwa meupe, yametulia, na ndani yake mlikuwa na kitu ambacho hakukiona tangu mwaka uliopita. Hapo ndipo alipoelewa ni kwa nini kila siku alikuwa akiuliza habari za ekseli.  Alifunga mfuko nje, juu ya goti, umejaa nusu, manjano.

Walipotokea mlangoni kwaya ilikata wimbo katikati. Mzee Ngumbao alitembea kwa bakora yake, bega la bintiye upande wa pili, na watu wakafungua njia, wengine wakiangalia mfuko na wengine wakiangalia juu. Shikamoo zikamiminika. Aliziitikia zote. Alifika mbele ya gari, akainama kadiri ya uwezo wake, akaigonga ekseli kwa bakora.

"Imenyooka," akasema. "Lenox."

"Naam, baba. Baba, ungepumzika, jua—"

"Gari langu limepona?"

"Limepona, baba."

"Umelitumilia pesa?"

Lenox alitazama simu zile. "Nyingi, baba. Kwa ajili yako."

"Vizuri. Gari limepona, mwenyewe bado mgonjwa. Fungua nyuma. Nipeleke hospitali."

 Gladys akakipeleka kitambaa puani.

"Baba," Lenox akasema kwa sauti ya chini, "leo Jumapili. Na kama ni hivyo, kaa basi mbele, nyuma hakuna viti—"

"Mbele nimekaa maisha yangu yote nikimwendesha mwenzangu. Leo nitakaa pale uliponipimia."

Jacktone ndiye aliyefungua mlango wa nyuma, kwa kuwa Lenox hakusogea. Alimshika mzee kiunoni akampandisha, na Mzee Ngumbao akajilaza chali katikati ya zile reli mbili, bakora kifuani, mfuko wa mkojo pembeni, macho wazi. Mama mmoja wa kwaya akaanza kulia kwa sauti. Kutoka ng'ambo ya makuti sauti ya Mwanatatu ikasikika wazi, "Ee Mola, mtu hai huyo, mnamtazama nini? Mpelekeni!"

Lenox alisimama jasho likimtoka. Dhahabu alimwona akihesabu: simu, fulana, mchungaji, nyuso. Alimwona akifika mwisho wa hesabu yake. Kisha kakake akatabasamu, akapanua mikono.

"Ndugu zangu! Hii ndiyo siri niliyokuwa nimewaficha!" akapaza sauti. "Mlidhani gari hili ni la nini? Mimi nimejinyima miezi yote hii, ili baba yangu aende kutibiwa kwa heshima, amelala, kama mfalme! Nani mwingine kwenye wadi hii amemfanyia babake hivi?"

Watu wakatazamana. Halafu mchungaji akasema amina, na vigelegele vikapasuka.

Dhahabu aliingia nyuma akakaa na babake. Mlango ukafungwa. Kwa sababu pua ilikuwa juu, sakafu yote iliinamia nyuma, na kila walipopita shimo mzee aliteleza juu ya reli kuelekea mlangoni. Dhahabu alitandaza miguu, akamzuia kwa nyayo zake, mguu mmoja umeungua. Kwenye feri mtu mmoja aliona gari, akaona mzee amelala ndani, akavua kofia. Mzee Ngumbao akamnyanyulia mkono wa salamu, na yule maskini nusura aangukie baharini.

*

Bima ililipwa siku ileile kwa simu ya Lenox, simu nyingine tatu zikimpiga picha. Kabla ya kuondoka Gladys alimvuta Dhahabu kando kwenye korido, akamtengeneza leso mabegani, akamwambia aseme maneno machache ya shukrani, mafupi tu, aiangalie simu.

"Sema, asante kaka Lenox kwa kuokoa maisha ya baba."

Dhahabu aliiangalia simu. Mlango wa wodi ulikuwa nyuma yake, na babake alikuwa ndani, kitandani, jina lake limeandikwa ubaoni. Lenox alikuwa bado hajatia sahihi ya mwana wa kiume waliyoitaka kwa ajili ya upasuaji, kalamu bado iko mfukoni mwake.

"Asante kaka Lenox," akasema, "kwa kuokoa maisha ya baba."

"Tabasamu kidogo, wifi. Tena."

Akasema tena, na akatabasamu.  Kufika usiku Likoni nzima ilikuwa imeiona, na wengi walilia kwa wema wa Lenox.

Mzee alifanyiwa upasuaji wiki ile. Mpira ulitolewa. Siku alipokwenda chooni kwa miguu yake na kurudi, alijisifu kwa wodi nzima kama mtoto. Dhahabu alikuwa anamkorogea uji simu ilipoita. Alitoka nayo mlangoni.

"Dada, daktari anasemaje?" Lenox akauliza. Nyuma yake palisikika kelele za watu.

"Amepona."

"Amepona vipi? Yaani, kwa muda?"

"Amepona, kaka. Moyo wake mzima, damu yake nzuri. Daktari amesema ana miaka mingi."

  Dhahabu alisikia mtu kule akimwita Lenox mheshimiwa, naye hakumwitika.

"Kabisa?" Lenox akauliza.

"Kabisa."

"Haya," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa mzigo wake umezama. "Haya. Mungu ni mwema."

Akakata. Dhahabu alirudi kitandani. Mzee alikuwa ameketi, anapuliza uji.

"Nani?"

"Kaka Lenox."

"Anasemaje?"

"Anamshukuru Mungu."

Mzee Ngumbao alimeza funda moja, akafuta masharubu.

"Mwambie alifunike lile gari turubai," akasema. "Mvua zikija, ile ekseli itaoza kabla yangu."

Wagonjwa wa vitanda vya karibu walicheka, na Dhahabu naye akacheka mpaka machozi. Kisha akaiweka simu juu ya meza, akaenda kwenye bomba la mwisho wa korido, akanawa mkono ulioishika, kwa sabuni, akausuuza, akaunawa tena.